Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wenye Jeep

Ndugu wanachama, wajumbe wa Kamati, na mafundi wetu mlioitika mwaliko,

Nawashukuru kwa kusimama kumwombea mwenzetu aliyetangulia mbele ya haki mwaka huu. Jeep Cherokee yake sasa iko mikononi mwa binti yake, ambaye ameketi nasi leo akiwa mwanachama kamili, ada ameshalipa. Karibu sana, binti yetu. Baba yako ndiye aliyetufundisha wengi wetu kufungua boneti bila woga.

Mapato na matumizi atayaeleza Mweka Hazina, na wanachama wapya Katibu ameshawataja. Mimi naomba muda wangu niutumie kwa jambo moja, kwa sababu Kamati imeona ndilo linalotukausha mifuko kuliko petroli: tunatengeneza magari tusiyoyajua asili yake.

Tukitaja Jeep, tunataja kana kwamba ni kampuni moja. Sivyo. Jina hili limepita kwa Willys-Overland, likaenda kwa Kaiser, likaenda kwa AMC (American Motors) iliyokuja kushirikiana na Renault, kisha Chrysler, kisha DaimlerChrysler, kisha kampuni ya uwekezaji ya Cerberus, kisha Fiat, na leo Stellantis. Kila aliyelishika aliacha vyuma vyake ndani ya gari. Hapo nje kuna Jeep mbili zimeegeshwa bega kwa bega: moja ina gia boksi ya Mjapani, nyingine ina gia boksi yenye asili ya Ujerumani, na zote zinaitwa Jeep. Ukienda Gerezani ukamwambia muuza spea "nipe cha Jeep", bado hujamwambia kitu.

Turudi mwaka 1940. Jeshi la Marekani lilitaka gari dogo la magurudumu yote manne, likaandikia viwanda 135, na mfano wa kwanza ulitakiwa ndani ya siku 49. Aliyewahi alikuwa kiwanda kidogo cha American Bantam, mjini Butler, Pennsylvania, kilichokuwa hoi kifedha. Kilimwita mhandisi Karl Probst kutoka Detroit, akachora gari zima kwa siku mbili, na tarehe 23 Septemba 1940, siku ya mwisho yenyewe, gari likaendeshwa hadi kambi ya Holabird, Maryland, na kukabidhiwa. Jeshi lililipenda gari, lakini liliona Bantam ni kidogo mno kutosheleza vita. Michoro yake ikaonyeshwa kwa Willys na Ford. Willys wakaja na injini ya mhandisi wao Barney Roos ya nguvu farasi 60, iliyowashinda wenzake wote, nao wakapewa zabuni kubwa mwaka 1941. Ford akatengeneza gari hilohilo kwa ruhusa yao. Yalitoka zaidi ya magari 600,000. Bantam walitengeneza yasiyofika 3,000, wakamalizia vita kwa kuunda matrela.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu naona Bantam hawakutendewa haki. Mwaka 1948 tume ya biashara ya Marekani iliikataza Willys kujitangaza kuwa ndiyo peke yake iliyobuni Jeep, lakini miaka miwili baadaye jina likaandikishwa kuwa mali ya Willys. Anayependa gari hili amtaje na Probst.

Kwetu pia gari hili halikuanza kujulikana na mitumba. Askari wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), wakiwemo vijana wa Tanganyika, walikwenda Burma wakiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 walisonga mbele katika bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko, kwenye tope ambalo malori yalishindwa, na jeep zilisaidia kubeba risasi, chakula na majeruhi wa jeshi lile. Wanachama ambao babu zao walirudi na simulizi za Burma, tunaomba mziandike kabla hazijapotea. Katibu atazipokea.

Baada ya vita Willys waliuza CJ-2A, jeep ya kiraia, kwa wakulima kuanzia 1945, na hapo ndipo sura ya tundu saba ilipoanza. Ile ya vita yenye uso wa bati uliobuniwa na Ford ilikuwa na tundu tisa. Kaiser alinunua kampuni mwaka 1953, akatuachia Wagoneer ya 1963. AMC walichukua mwaka 1970. Zama hizi nazipita haraka, kwani ndani ya chama chetu mwenye gari la kabla ya 1984 ni mzee wetu mmoja tu wa Moshi, na yeye hahitaji kufundishwa na mimi.

Nikae zaidi kwenye Cherokee, ile ya pembe nne tunayoiita XJ, maana ndiyo iliyotukusanya. Ilitoka kama modeli ya 1984. AMC haikuwa na fedha za kukosea, Renault ilikuwa imeingia kwa mtaji na wahandisi, na chini ya Roy Lunn na Mfaransa François Castaing wakafanya ambalo halikuwahi kufanywa kwenye Jeep: bodi na fremu vikawa kitu kimoja, bila chesesi ya kujitegemea, huku ekseli ngumu zikibaki mbele na nyuma. Gari likawa jepesi, fupi, na lenye nafasi ndani. Mwaka 1987 ikaingia injini ya lita 4.0 ya silinda sita mstari mmoja, na mwaka huohuo Chrysler akainunua AMC, akitaka hasa jina la Jeep. XJ iliendelea kutengenezwa Toledo, Ohio, hadi 2001. Zilitoka karibu milioni 3.

Sasa tazameni historia hiyo inavyoingia gereji. Gia boksi ya otomatiki ya XJ, AW4, ilitengenezwa na Aisin Warner wa Japani. Ni ndugu wa gia boksi ambazo mafundi wetu wamezifungua kwenye Toyota miaka yote, na haidroliki yake, yaani oili ya gia boksi, ni ya aina ya Dexron. Fundi anayejua hili hana cha kuogopa. Lakini Grand Cherokee ya miaka ya 1990, iliyotoka Detroit na yenye injini ileile ya lita 4.0, ukiacha baadhi za mwanzo kabisa, ina gia boksi ya Chrysler mwenyewe, nayo inataka haidroliki ya Chrysler, ATF+4. Mwaka huu mwanachama wetu mmoja, dada wa Tanga, aliwekewa ya Toyota kwenye Grand Cherokee, gari likaanza kutetemeka likiwa kwenye mwendo wa kati, akaambiwa gia boksi imekufa atafute nyingine. Mafundi wetu walimwaga ile haidroliki, wakabadilisha chujio, wakaweka inayotakiwa, na baada ya kurudia kumwaga na kujaza mtetemeko ukaisha. Gia boksi ni ileile anayoiendesha hadi leo.

Jambo la pili ni usukani. Marekani wanaendesha upande wa kulia wa barabara. XJ zetu zilitengenezwa kwa usukani wa kulia kwa ajili ya nchi kama Uingereza na Japani; huko Japani ziliuzwa kupitia maduka ya Honda. Injini ni ileile, breki ni zilezile, sensa ni zilezile, kwa hiyo hivyo vyote agizeni Marekani bila wasiwasi. Ila vyuma vya stelingi na ule mkono unaoishika ekseli ya mbele isiende kando ni tofauti. Wanachama wameagiza vya Marekani vikafika vizuri, kwa bei nzuri, na haviingii. Vitu hivyo tafuteni Uingereza, Japani au Australia. Na msiviache vilegee. Ule mtikisiko wa kutisha unaolishika gari zima ukipita shimo kwa kasi huanzia hapo, kwenye bushi na boljointi zilizolika, wala hautibiwi kwa kubadilisha shokapu peke yake.

Safari yetu ya Iringa ilitufunza tena. Mlima Kitonga haukubembelezi. Cherokee moja ilizima ghafla katikati ya kona, na starta ilikuwa inazungusha vizuri tu bila injini kushika. Miaka ya nyuma tungeanza kununua pampu ya mafuta. Safari hii vijana walisubiri ipoe, ikawaka kwa mpigo mmoja, wakajua ni sensa ya kranki, ile iliyofungwa juu ya mfuniko wa gia boksi karibu na joto la eksozi. Ikipata moto inakufa, ikipoa inafufuka. Kwenye zama hizi za lita 4.0 ni ugonjwa maarufu. Sensa ile ni ndogo, kaeni nayo moja ndani ya dashibodi.

Palepale Kitonga niliona tena jambo linaloniuma. Magari mawili yalichemsha, na yote mawili yalikuwa yameng'olewa thamostati na mafundi wa huko nyuma kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Ndugu zangu, injini hii ilipangiwa kufanya kazi kwenye joto la nyuzi 90 hivi. Ukiing'oa thamostati, asubuhi injini inachelewa kupata moto, kompyuta inaendelea kuilisha petroli nyingi kama ya baridi, na mlimani tatizo la kweli, ambalo ni rejeta iliyoziba au kishikio cha feni kilichochoka, linabaki palepale. Kama Cherokee yako inachemsha, safisha au badilisha rejeta, pima feni, rudisha thamostati. Na wenye lita 4.0 za miaka ya 2000 na 2001, angalieni namba 0331 kwenye silinda hedi. Hedi hizo zina historia ya kupasuka katikati, kati ya silinda ya tatu na ya nne, na maji yanaingia kwenye oili. Fungua mfuniko wa oili kila wiki. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, usiliwashe tena.

Kuhusu Grand Cherokee nitasema machache, kwa sababu kwenye chama bado ni chache, ingawa zinaongezeka. Ya kwanza ilizinduliwa Januari 1992 mjini Detroit, Robert Lutz wa Chrysler akiipandisha ngazi na kuipitisha kwenye kioo cha ukumbi wa maonyesho. Ilikusudiwa kuirithi Cherokee, lakini Cherokee ilikataa kuacha kuuzika. Nyingi za Uingereza za zama za mwanzo ziliunganishwa Graz, Austria, kwa hiyo msishangae. Toleo lililotoka mwaka 2010 lilianza kuchorwa wakati wa ndoa na Daimler, wenye Mercedes, na msingi wake una undugu na Mercedes ML. Zile za V6 za miaka ya mwanzo zina gia boksi ya kasi tano yenye asili ya Mercedes. Kuanzia modeli ya 2014 ni kasi nane yenye ubunifu wa ZF wa Ujerumani. Dizeli yake ya lita 3.0 ni ya VM Motori wa Italia. Gari moja, nchi tatu.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwani ni suala la roho za watu. Mwaka 2016 Grand Cherokee za modeli ya 2014 na 2015 ziliitwa kurudishwa kwa ajili ya mkono wa gia unaorudi katikati kila ukiuachia. Madereva walidhani wameweka P, gia ya kuegesha, wakashuka, gari likaserereka. Tiba ilikuwa programu mpya inayolifanya gari lijiweke P lenyewe mlango ukifunguliwa. Gari la mtumba linaweza kuwa liliuzwa kabla halijapata tiba hiyo. Vilevile Grand Cherokee za 2011 hadi 2013 ziliitwa kwa ajili ya rilei ya pampu ya mafuta iliyo ndani ya boksi la umeme, ambayo ikifa gari linaweza kuzima barabarani. Wenye magari haya, hakikisheni namba zenu za chesesi zimeangaliwa. Hadi muwe na hakika, vuteni breki ya mkono kila mnaposhuka, hata kama mnashuka kununua maji tu.

Kamati inaleta mapendekezo mawili kwenu. La kwanza ni daftari la magari ya chama: kila gari liandikwe injini yake, gia boksi yake, haidroliki yake, na spea zilizowahi kuliingia na zilizogoma. La pili ni kuagiza kwa pamoja mara moja kwa mwaka sensa za kranki, thamostati, ATF+4 na bushi za mbele za usukani wa kulia, kila mtu akichangia kabla. Wapo wajumbe waliosema pendekezo la pili litaleta ugomvi wa fedha. Nimewasikiliza na hoja yao ni ya haki, ndiyo maana tumeomba fedha hizo ziwe na akaunti yake, na Mweka Hazina asiwe msimamizi peke yake. Mtapiga kura baada ya chai.

Kwa wanaojaza fomu ya daftari leo: msitegemee mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari, kwani mara nyingi ni mwaka wa usajili wa kwanza huko lilikotoka. Someni namba ya chesesi yenye tarakimu na herufi 17. Ya kumi ndiyo mwaka wa modeli: X ni 1999, Y ni 2000, 1 ni 2001, na kuendelea. Ya kumi na moja ndiyo kiwanda. Kwenye Grand Cherokee za zamani, C ni Detroit na Y ni Graz. Fomu ziko meza ya Katibu, na mafundi wetu watapita kwenye maegesho hadi saa kumi jioni kumsaidia asiyeiona namba yake.