Barua ya wazi kwa vijana wetu mlioko mjini: pandeni nyumbani Krismasi hata mikono mitupu

Wanangu mlioko Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na kwingineko,

Bwana Yesu asifiwe. Naandika mapema, Novemba hii, kabla tiketi za basi hazijawa za kugombania. Msishtuke, si msiba wala mchango. Nataka kusema na wale ambao Krismasi iliyopita hawakupanda huku nyumbani, mlimani Kilimanjaro, wakatuma salamu kwamba wamebanwa na kazi.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na nimekuwa mzee wa kanisa tangu wengi wenu hamjabatizwa. Kazi zenu za Desemba nazijua. Mama mmoja alinisimamisha baada ya ibada akaniambia, "Mwalimu, kijana wangu kazi zimemzidi," huku anakunja na kukunjua ncha ya khanga. Hakuniangalia usoni. Sote wawili tulijua duka la kijana limefungwa tangu Agosti.

Mnachokiogopa tumekitengeneza sisi. Sikukuu huku barabara hujaa magari ya watoto wa mjini, na baada ya ibada kuna mnada. Mkungu wa ndizi ambao Jumanne sokoni hakuna anayeugeukia, siku hiyo unapandishwa bei mpaka watu wanapiga vigelegele, na mnadi anataja jina la mnunuzi, la baba yake na aina ya gari lake. Nimewahi kuwa mnadi, tena hodari. Fedha ilikwenda kwenye kazi ya Mungu, hilo silikatai. Lakini sikuwahi kumwangalia kijana aliyesimama karibu na mlango, mfukoni ana nauli ya kurudia tu.

Sasa kuna neno mnalipenda, mmeliandika nyuma ya bajaji na kwenye fulana: "Nayaweza mambo yote." Ni Wafilipi 4:13. Siku hizi limekuwa neno la kupata kiwanja, kufaulu usaili, kupewa visa. Rudini nyuma mstari mmoja tu muone Paulo anazungumzia mambo gani: "kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa." Njaa nayo imo katika anayoyaweza! Na mstari wa 11 una kitenzi ambacho mwalimu hawezi kukiruka: nimejifunza kuwa radhi. Hakuzaliwa nayo. Na anayejifunza hukosea kwanza.

Mimi nilikosea nikiwa navyo, kisha nikakosea nikiwa sina.

Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili, na kufikia 1977 bei ya kahawa duniani ilikuwa imepaa. Haikutufikia yote, lakini tulionja. Nikaezeka bati. Haukupita mwezi jirani naye akaezeka, na juu yake akafunga gata la kukinga maji ya mvua. Usingizi ukanihama. Nyumba haivuji, watoto wameshiba, nami nimelala macho nawaza gata la mtu. Mpaka leo nikisikia mhubiri anasema umaskini ndio unaoleta manung'uniko, nalikumbuka lile gata.

Mwaka 1989 mapatano ya nchi zinazouza na zinazonunua kahawa, yaliyokuwa yakigawa kiasi cha kila nchi kuuza, yalivunjika. Bei ikaporomoka. Kufikia 2001 mauzo yangu hayakurudisha hata gharama ya dawa ya kupulizia. Asubuhi moja nilichukua shoka nikaanza kukata mibuni aliyoipanda baba yangu. Wengi walikata wapande nyanya na mahindi, wakafanya hesabu yao. Mimi sikuwa na hesabu, nilikuwa na hasira. Nilikata mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mbele ya mistari miwili iliyobaki. Hakunihubiria. Aliuliza, "Baba, umeshakula?" Sikuwa nimeweka kitu mdomoni tangu jana yake. Tukakaa kwenye vigoda tukala kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, kimya. Bei haikupanda kesho yake wala mwaka uliofuata. Ila nilikula, nikamshukuru Mungu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nikalala. Ile mistari miwili ipo.

Mtu asije akawaambia kuwa radhi ni kunyamaza. Bosi akikalia mshahara wako, udai. Paulo huyohuyo, katika mji huohuo wa Filipi, alichapwa mbele ya watu bila kuhukumiwa, na asubuhi wakubwa walipotaka kumtoa kimyakimya alikataa: waje wenyewe wamtoe. Usiku uliotangulia alikuwa akiimba na Sila, miguu ikiwa kwenye mkatale. Ndiyo, aliyeimba na aliyedai haki ni mtu yuleyule.

Lakini ninayetaka mumsome mwaka huu ni Epafrodito. Yumo sura ya pili ya barua hiyohiyo kwa Wafilipi, na wahubiri humpita haraka. Wafilipi walimtuma ampelekee Paulo zawadi kifungoni na amhudumie. Akaugua, nusura afe. Habari zikafika kwao, naye akataabika moyoni kwa sababu wamesikia anaumwa. Si ninyi hao? Mnalazwa mjini mnatuambia ni mafua. Paulo akaamua kumrudisha nyumbani. Hatusomi kwamba alibeba kitu zaidi ya barua. Na katika barua hiyo Paulo anawaagiza waliobaki: "Mpokeeni, basi, katika Bwana, kwa furaha yote." Hakusema wamuulize amefikia wapi.

Na Paulo aliyejifunza kuwa radhi hakuona haya kupokea. Mstari wa 14 anawaambia walifanya vema kushiriki dhiki yake. Basi aliyekwama nauli ampigie katibu wa usharika, mfuko upo, na jina halitasomwa kanisani.

Upande wetu, nimeliomba baraza mnada usogezwe hadi Januari, mkiwa mmeshaondoka. Mchungaji amesema tutaona, ambayo kwake ni karibu na ndiyo. Wazazi nimewaomba wafute salamu ya "umetuletea nini?" Mzee mmoja aliniuliza sasa tuwasalimieje. Nikamwambia awaulize kama wameshakula.

Mwaka juzi yupo aliyefika usiku, akapita migombani kwa nyuma ili watu wa barabarani wasimwone hana begi. Mbwa wakambwekea mpaka mtaa mzima ukaamka. Mwaka huu piteni mbele.

Ni mimi Mwalimu wenu,
mzee wa kanisa, Moshi Vijijini