Hiyo nembo kwenye rupia ya Mjerumani isome kwanza kabla hujaiuza

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako tukufu, kuna jambo limenikaa kooni muda sasa kuhusu hizi habari za "mali za Mjerumani", yaani sarafu na vitu vya enzi za ukoloni wa Mjerumani vinavyosemwa ni vya mamilioni, zinazozunguka mitaani na kwenye magrupu ya wasapu, na hata magazeti nayo wakati mwingine yanazibeba hivyo hivyo bila kumuuliza mtu anayejua.

Mimi nakusanya vitu vya zamani vyenye nembo. Sio kila cha zamani, cherehani na redio za mbao nawaachia wengine, mimi nataka kitu kiwe na ngao juu yake, simba, tai, taji, twiga, chochote ambacho serikali au kampuni au ukoo fulani ulikigonga pale kusema hiki ni chetu. Sarafu, vifungo vya sare, sahani, vijiko, makopo ya biskuti. Nyumbani wanaita makorokoro na sibishani nao. Ila kwa sababu ya haya makorokoro watu wananiletea vitu mpaka mlangoni na swali lao ni moja tu, "mzee hii ni milioni ngapi?" Hakuna anayeuliza hii ni nini, ilitoka wapi, huyu simba anafanya nini hapa.

Tuanze na rupia maana ndiyo inayowatoa watu roho. Nyingi ninazoletewa ni zile za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki zilizoanza 1890. Upande mmoja yupo Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Wajerumani, kavaa helmeti yenye ndege juu, maandishi ya Kilatini, upande wa pili ndo nembo ya kampuni yenyewe, simba na mti wa jamii ya mnazi. Ni ya madini ya fedha, nzuri, karibu gramu 11.7, wameifuata rupia ya India maana ndiyo pwani nzima ilikuwa inafanyia biashara, Mjerumani hakuwa mjinga, alijua wenye maduka hawatapokea kitu kigeni. Halafu kuna ndogo yake ya shaba, jina lake pesa, ya 1890 mpaka 1892, ile ina tai wa dola ya Ujerumani upande mmoja na upande wa pili ni Kiarabu kitupu na mwaka wa Hijria, 1307, 1308, 1309, na 64 zake ndo rupia moja. Angalia tu hizo sarafu mbili ukielewa nembo unapata historia yote, simba ni wa kampuni, tai ni wa dola, na Kiarabu ni cha wateja.

Kuanzia 1904 simba kaondoka. Serikali ilishika mambo ya hela yenyewe, ikaandika jina la koloni, ikaweka makuti pembeni, na rupia ikagawanywa kwa heller 100. Kwa hiyo mtu akikuletea rupia ya simba ya mwaka 1910 usihangaike hata kuigonga mezani kusikiliza mlio, mrudishie.

Sasa milioni ziko wapi? Rupia ya kawaida iliyochakaa bei yake ni fedha iliyomo na zaidi kidogo, basi. Zipo za tabu kupatikana, ile ya rupia mbili ya 1893 na 1894 kwa mfano, hiyo ukiwa nayo kaa chini unywe maji kwanza. Lakini hizi hadithi za rupia "yenye nguvu", sijui inazima taa, sijui kuna mzungu yupo hotelini anasubiri na begi la dola ila kwanza utoe hela ya kipimo, ni utapeli wa siku zote na ni ndugu moja na ile hadithi ya zebaki nyekundu ya mamilioni inayosemwa imo kwenye cherehani za zamani. Watu wameuza viwanja jamani! Na wengine wanachimba usiku kwenye maboma na makaburi ya watu, wakati sheria ya mambo ya kale ya 1964 ipo na kuchimba sehemu za kale bila kibali ni kosa, sijui kwa nini hili halisemwi kwenye hizo habari.

Kuna kitu kingine kinanichekesha na kunisikitisha. Zinauzwa siku hizi bendera na beji na vibao vyenye ngao ya kichwa cha simba vinaitwa nembo rasmi ya koloni la Mjerumani, vimepakwa chai na kufukiwa kidogo vionekane vya kale. Nembo ile ilichorwa kweli, 1914, waziri wa makoloni Wilhelm Solf na Kaiser mwenyewe walikuwa wanapanga kila koloni lipate ngao yake na hili letu likapangiwa kichwa cha simba, ila vita vikaanza mwaka huo huo na mpango ukafia kwenye makaratasi. Haikuwahi kupepea hapa hata siku moja. Kwa hiyo bendera ya namna hiyo hata ikiwa imetoboka matundu kama chekecheo ni ya juzi.

Na ile ya dhahabu ya Tabora, tembo mbele ya mlima na tai upande wa pili, rupia 15 ya 1916, hiyo ni halisi na ni nzuri sana, Wajerumani waligonga wakati wa vita wamezingirwa hawapati hela kutoka kwao, dhahabu ikatoka mgodi wa Sekenke, na herufi T ya Tabora ipo. Lakini ndiyo inayofojiwa kuliko zote. Ya kweli ina uzito wa gramu 7.17 hivi, sio yote ni dhahabu, ni robo tatu tu. Peleka kwa sonara mwenye mizani nzuri apime mbele ya macho yako, ila msimamie, maana wapo watakaokwambia tuiyeyushe kidogo tuone.

Hapo kwenye kuyeyusha na kusugua ndo hasa nilipotaka kufika. Mtu anapata rupia kwenye kikapu cha bibi, ina weusi wake wa miaka mia na kitu, yeye kazi ya kwanza ni limao na majivu, au stili waya kabisa, mpaka Kaiser anabaki hana pua na simba anakuwa kama paka aliyelowa. Halafu ndo analeta, inang'aa, anategemea bei imepanda. Imeshuka! Kinachonunuliwa kwenye kitu chenye nembo ni ile michoro, manyoya ya tai, tarehe, herufi ndogo ya kiwanda, ukishasugua umetoa vyote umebaki na kipande cha fedha. Kama ni chafu kweli maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo yanatosha, futa kwa kitambaa laini, acha.

Na mwaka ulioandikwa nao sio wa kuuamini kijinga. Mfano mzuri ni riale ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, wazee wa Unguja na Mombasa wanaijua, dola kubwa ya fedha yenye yule mama kifua wazi kidogo na nyuma tai mwenye vichwa viwili amebeba ngao za ukoo wake wa Habsburg. Zote zimeandikwa 1780. Zote! Mama alifariki mwaka huo, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na huku kwetu walishaizoea ile sura wakakataa nyingine, basi ikaendelea kugongwa na tarehe ile ile karne nzima na zaidi, Vienna, baadaye hadi Roma na London na Bombay. Kwa hiyo ukisikia mtu anajisifu ana sarafu ya 1780 muulize imegongwa wapi. Wanaojua wanahesabu manyoya ya mkia na kuangalia kile kipini cha vazi begani kwake.

Tukija kwa Mwingereza mambo ni rahisi zaidi kama una macho. Angalia taji. Wafalme wote kuanzia 1901 mpaka Elizabeth anaingia walitumia taji ambalo mikono yake ya juu imeviringa kama kuba, yeye akabadilisha, kuanzia 1953 utaona taji limebonyea katikati. Tanganyika ilikuwa na kichwa cha twiga, Kenya simba mwekundu kasimama kwa miguu ya nyuma, Uganda korongo yule wa kichwa chenye taji lake la asili. Kifungo cha twiga chenye taji la kubonyea maana yake kimetoka kati ya 1953 na uhuru wa Desemba 1961, muda mfupi kabisa, na watu wanavitoboa wanafanya hereni.

Sahani sasa, hapa ndo kuna vituko. Kwenye makabati ya vioo ya bibi zetu kuna sahani nyeupe nzito, ukigeuza nyuma kuna simba na yule farasi wa pembe moja wameshika ngao ya Uingereza, na nyumba nzima inaamini ilikuwa ya Malkia au alipewa babu na gavana. Hapana wapendwa. Viwanda vya vyombo vya Staffordshire, Uingereza, viligonga nembo ya kifalme nyuma ya vyombo vya kawaida kabisa kama pambo la jina la kiwanda, maelfu kwa maelfu, wakapakia meli kuja kuuza huku. Ukiona na neno "England" jua ni ya 1891 kuja mbele, maana Marekani ndo ilianza kulazimisha bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka na viwanda vikafuata, na "Made in England" mara nyingi ni ya karne ya 20. Hata kopo la biskuti lenye ngao hiyo, maana yake kampuni ilikuwa inaiuzia ikulu ya Uingereza, sio kwamba kopo lilitoka ikulu. Sisemi msizipende, mimi ninazo na nazipenda, nasema bibi aliinunua dukani kwa hela yake halali na hilo nalo ni jambo zuri la kusimulia.

Kama unataka vyombo ambavyo nembo yake kweli ni ya mwenye nyumba basi nenda kwenye kauri za China za karne ya 18. Matajiri wa Uingereza walikuwa wanatuma mchoro wa ngao ya ukoo wao, mara nyingi kile kikaratasi chenye nembo wanachobandika ndani ya vitabu, unapanda meli mpaka bandari ya Guangzhou kule China, chombo kimeshachomwa katika mji wa Jingdezhen bara ndani, bandarini mafundi wanachora nembo juu yake wanachoma tena, na seti inarudi London baada ya kama miaka miwili. Waliagiza seti zaidi ya 4,000 Waingereza peke yao. Fundi hajui kusoma hayo maandishi wala hajui simba wa kizungu anakaaje, anakopi anachokiona, ndo maana unakuta nembo zenye herufi zimegeuka. Na hata kabla ya hapo Mreno alianza, kuna birika la mwanzoni mwa karne ya 16 lenye nembo ya mfalme Manuel wa Ureno, imechorwa juu chini! Sasa hilo kosa lenyewe ndo linalofanya lipendwe. Nembo ya Ureno tunayo hata huku, kwenye ule msalaba wa mawe wa Malindi juu ya mnara wa Vasco da Gama, jiwe lenyewe lilisafirishwa kutoka Lisbon, watu wanapiga selfi pale hawaangalii hata juu.

Ila kauri za China zilizojaa kwenye vidaka vya nyumba za Lamu na kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Mambrui hizo hazina nembo za ukoo wowote, zililetwa kama bidhaa, na kuzibandua kaburini ni wizi hata kama una njaa kiasi gani. Nimeletewa sahani yenye chokaa bado imeganda nyuma. Sikununua, na nilisema maneno ambayo hayafai gazetini.

Basi Mhariri, naomba mambo mawili tu. La kwanza mkipata habari ya mtu kaokota sarafu au kifungo cha Mjerumani, kabla ya kuandika mamilioni pigeni simu Makumbusho ya Taifa, au kwa Kenya NMK, yaani Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pale Fort Jesus, wapo watu wanajua na wanapokea simu. La pili ni dogo zaidi ila linaniuma kila nikifungua gazeti, pigeni picha pande zote mbili. Kila siku mnatoa ule upande wa Kaiser na helmeti yake, na kwenye rupia ya kampuni mwaka uko upande wa simba, sisi wasomaji tunabaki kubahatisha.

Ni mimi mkusanya makorokoro,
Ngamiani, Tanga