Kwa Somo yangu, kuhusu mti usio na bei

Kilosa,
17 Agosti 2025.

Mpendwa Somo,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Mahindi yamekwisha kuvunwa, ufuta umeuzwa, na moshi wa mashamba mapya yanayosafishwa kwa ajili ya mvua zijazo umeanza kuonekana vilimani. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema kamati ya mtaa wenu inataka kuandika waraka wa kuiomba serikali ipige marufuku mkaa nchi nzima, na unataka mimi niliyekula mshahara wa misitu kwa zaidi ya miaka ishirini nikupatie hoja za kuutilia nguvu. Uniwie radhi, Somo. Hoja ninazo, ila nyingi zinavuta upande wa pili.

Kwenye ukubwa wa tatizo sina ubishi nawe. Nchi yetu ina takriban hekta milioni 48.1 za misitu, na kwa makadirio ya serikali yenyewe tumekuwa tukipoteza karibu hekta 469,000 kila mwaka. Benki ya Dunia ilipoichunguza biashara ya mkaa mwaka 2009, iliikadiria kuwa na thamani ya dola milioni 650 kwa mwaka, ikaona kwamba Dar es Salaam peke yake ilikuwa ikitumia karibu nusu ya mkaa wote wa nchi, na kwamba serikali ilikuwa ikikosa kama dola milioni 100 za mapato kwa sababu mzigo mwingi ulipita pembeni, bila kibali wala mrabaha, yaani malipo ya serikali kwa mti unaovunwa. Kahawa ina bodi yake na korosho ina bodi yake, lakini bidhaa hii inayopika ugali wa mamilioni ya watu tumeiacha iendeshwe kama jambo la aibu, linalofanyika usiku.

Wewe uliyesoma uchumi Chuo Kikuu pale Mlimani utaniambia kama nakosea, lakini naona shida yote imo ndani ya bei. Chukua gunia moja linaloshushwa Manzese, huko kwenu Dar es Salaam. Katika bei yake mna jasho la mchomaji, mna ujira wa kijana aliyelitoa porini kwa baiskeli, mna nauli ya lori, ushuru, zile «chai» za njiani tunazozijua sote, kodi ya kibanda, na faida ya mama anayelipima kwa kopo. Kila aliyeligusa amelipwa. Kisicholipwa ni mti wenyewe, kwa kuwa uliota kwenye pori ambalo kila mtu analiona kuwa shamba la bibi. Na kitu cha bure hakitumiwi kwa uangalifu: katika tanuri la udongo la kawaida, kilo 100 za kuni zilizokauka hutoa kati ya kilo 10 na 20 tu za mkaa, lakini mchomaji ana sababu gani ya kukesha akilipanga na kuliziba vizuri zaidi, wakati kuni za ziada hazimgharimu ila shoka? Vivyo hivyo mkulima anayetaka kupanda miti ya mkaa katika eka zake hushindana na mti usio na mwenyewe, akashindwa kabla hajachimba shimo la kwanza.

Sasa hiyo marufuku yenu. Mwaka 2006 ilikwisha kujaribiwa, na mimi nilikuwa kwenye kizuizi barabarani, na filimbi yangu shingoni, nikiamini kwamba naokoa misitu. Majuma yale machache bei ilipanda mjini, na kila bei ilipopanda, ndivyo mtu wa porini alivyopata sababu zaidi ya kukata. Mchana barabara ilikuwa tupu. Usiku mzigo ulipita kwa njia za ng'ombe, na asubuhi nilihesabu matairi ya baiskeli kwenye vumbi badala ya magunia. Marufuku haikudumu. Niliyojifunza pale ni kwamba kukataza bila kuondoa haja ya mnunuzi kunafuta mrabaha tu, kwani mkaa unaendelea kuja.

Tena hata pale tulipotoza, tulitoza vibaya. Kwa muda mrefu malipo yalikuwa kwa gunia, bila kujali uzito, basi gunia likaanza kurefuka: likashonewa kamba, likatiwa majani juu, likawa lumbesa inayomzidi kimo mtu anayelibeba. Mfanyabiashara hakuvunja sheria hata moja. Alisoma kanuni vizuri kuliko sisi tulioiandika.

Wilaya hii niliyostaafia imenifundisha jambo ambalo ofisini sikulijua, na ndilo ninalotaka ulipeleke kwenye kamati yenu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakiruhusu kijiji kutenga msitu katika ardhi yake, kuutungia sheria ndogo na mpango wa usimamizi, kisha mapato yake yakabaki kijijini. Kuanzia mwaka 2012, kwa mradi uliofadhiliwa na Uswisi na kusimamiwa na TFCG, shirika la uhifadhi wa misitu, pamoja na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, vijiji kadhaa vya Kilosa viliamua kutumia haki hiyo kwa mkaa, kitu ambacho wahifadhi wengi walikuwa hawataki hata kukitaja. Sehemu ndogo ya msitu wa kijiji ilipimwa ikagawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa 50, vilivyopangwa kama ubao wa drafti: kimoja kinavunwa, jirani yake kinaachwa. Kitalu kikivunwa hakiguswi tena mpaka miaka 24 ipite. Kingo za mito na miteremko mikali haziguswi kabisa, na miti ya mbao inaachwa imesimama. Mchomaji anapewa kitalu kwa jina lake, analipa kijijini kwanza, ndipo awashe tanuri.

Utauliza kama msitu unarudi. Unarudi, kwa sababu ya tabia ya miti yenyewe. Myombo na mtondoro, miti ya asili ya huku, haihitaji kupandwa. Kisiki kikikatwa vizuri na mizizi ikiachwa, mvua za kwanza tu huleta machipukizi, na baada ya miaka michache palipokatwa pamekwisha kufunikwa na miti michanga. Adui wa kisiki ni moto unaopita kila kiangazi, jembe, na mifugo mingi. Shoka lenyewe si adui mkubwa. Fedha zilizopatikana zilijenga madarasa, nyumba za watumishi na visima, na ziliwalipa posho vijana wa doria wa kamati ya maliasili. Nimeona mkutano mkuu wa kijiji ambapo bibi mmoja alisimama akamdai mwenyekiti hesabu ya gunia kwa gunia. Katika miaka yangu yote ya sare sikupata kuona mtu akiulilia msitu kwa ukali namna ile, na alikuwa hasemi habari ya ndege wala ya hewa ukaa. Alikuwa anasema habari ya fedha ya bati za zahanati.

Hapa ndipo ufuta unapoingia, na naomba unisome taratibu. Mjini mnadhani mchoma mkaa ndiye anayemaliza misitu, lakini tafiti zilizofanywa nchini zimeonyesha kuwa kisababishi kikuu ni kilimo, na macho yangu yanakubali. Ufuta unapenda ardhi mpya. Bei ikiwa nzuri msimu huu, mwakani utaona vilima vimevuliwa nguo. Mwenye shamba anachoma mkaa mara moja kutokana na miti aliyoiangusha, anang'oa visiki na mizizi, na hapo hakuna kitakachochipua. Magunia yale yanapofika kwenu yanafanana kabisa na magunia ya kitalu, ingawa moja limetoka kwenye msitu utakaokuwepo wajukuu wetu wakiwa watu wazima, na lingine ni mabaki ya msitu uliokwisha kufa. Mwanakijiji anayetazama eka zile hafikiri habari ya mazingira kwanza. Anafikiri ada ya Januari. Anaulinganisha ufuta wa miezi michache na mti wa miaka 24, na mti usipokuwa na bei yoyote, jawabu anakuwa nalo kabla hujamaliza kumuuliza.

Kwa hiyo unaposema «tusiuze kabisa miti ya asili, tuihifadhi», kwa Kiswahili cha kijijini umesema «mti huu thamani yake ni sifuri». Kamati iliyokuwa na mapato huwa na doria, na kamati isiyo na mapato huwa na muhuri tu. Tuliliona hilo baada ya kanuni za uvunaji wa mazao ya misitu za mwaka 2019, Tangazo la Serikali namba 417, ambazo nia yake ilikuwa kubana uvunaji holela, lakini ziliongeza ngazi za vibali hata kwa vijiji vilivyokuwa na mipango iliyokamilika, na mapato ya vijiji hivyo yakadorora. Aliyekuwa akichoma bila kibali hakuathirika, kwa kuwa hakuwahi kuomba. Nikisema ukweli, nililikasirikia jambo hilo kuliko inavyomstahili mstaafu.

Najua utanijibu kwa habari ya gesi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na mimi naushangilia, maana mama yangu alikohoa miaka yote ya jiko la mafiga na sitaki mkwe wangu akohoe. Ninachoogopa ni hesabu za msitu siku mnunuzi wa mkaa atakapoondoka na mnunuzi wa ufuta akabaki. Ninyi mnakunywa maji ya mto Ruvu, yanayotoka milima ya Uluguru. Mnakumbuka mgao wa Oktoba 2022 mto ulipopungua. Katika bili yenu ya maji sijasikia hata senti moja inayopanda mlimani kumlipa anayeacha kulima kwenye chanzo. Kama kamati yenu ina nguvu ya kuandika waraka, iandike kuhusu senti hiyo, halafu idai gunia linalouzwa mtaani kwenu liwe na hati inayoonyesha kijiji lilikotoka. Hayo mawili serikali inaweza kuyafanya na nyinyi mnaweza kuyakagua.

Usiniamini kwa maneno. Panda treni ya umeme asubuhi, ushuke Kilosa, nitakupokea kituoni kwa pikipiki, nikupeleke kwenye kitalu kilichovunwa miaka kumi iliyopita na kwenye shamba la ufuta lililosafishwa mwaka huohuo, yanayopakana kabisa, utazame mwenyewe. Shemeji akikuruhusu ulale siku mbili. Na kabla hujasafiri pita Kariakoo uninunulie mizani ya kuning'iniza, ile ya kilo 100. Ya kamati imekatika ndoana, na tangu mwezi uliopita wanapima magunia kwa macho.

Wasalaam,
Somo yako.