Barua kutoka Köln: sola ya mpangaji

Kaka shikamoo. Natumaini hamjambo wote hapo Tanga. Mwambie mama ile voice yake nimeisikia na namshukuru Mungu presha imetulia, ila dawa asiache hata akijisikia mzima, na shangazi msalimie sana.

Sasa uliniuliza yale mapanel meusi uliyoyaona kwenye picha, yamening'inia nje ya balkoni za majirani, ukasema mbona sola imefungwa kwenye nyumba za kupanga, mwenye nyumba karuhusu vipi. Nimeona nikuandikie kwa urefu maana wewe ni fundi umeme na hili jambo halinitoki kichwani, mimi naona maisha ya kesho yako humu zaidi kuliko kwenye yale maroboti yanayocheza kwenye tivii.

Huku Ujerumani inaitwa Balkonkraftwerk, yani mtambo wa umeme wa balkoni. Ni panel mbili, inverter ndogo inayokaa nyuma ya panel na kuugeuza umeme wake uwe kama wa ukutani, waya na plagi ya kawaida, basi. Unafunga panel kwenye reli ya balkoni, unachomeka kwenye soketi, friji na router vinaanza kula umeme wa jua kwanza, ukipungua gridi inajazia, yani hamna cha changeover, ile swichi ya kuhama kutoka umeme mmoja kwenda mwingine, wala kugusa mita. Seti isiyo na betri unaipata kwa kama euro mia tatu, zipo hata za chini ya hapo, na toka Januari 2023 hazina VAT. Uniti moja ya umeme huku inakaribia shilingi elfu moja ya kwetu, kwahiyo mtu akipata uniti mia tano au mia sita kwa mwaka, na akazitumia mwenyewe, baada ya miaka michache pesa yake imerudi. Ya ziada inaingia gridi bure, wengi hawalipwi chochote, ndo maana watu siku hizi wanawasha mashine ya kufulia mchana jua likiwa kali. Na mimi nimefunga yangu.

Najua hapo ushaanza kuwaza ile plagi. Mtu akiichomoa jua linawaka si vyuma vya plagi vitakuwa na umeme? Hapana kaka, hapo ndipo nilipowavulia kofia walioibuni. Inverter inausikiliza umeme wa gridi muda wote, volti na masafa yake, yani mapigo yake kwa sekunde, isipousikia inajizima yenyewe chini ya sekunde moja, kwahiyo ukichomoa unashika vyuma havina kitu. Na umeme ukikatika mtaa mzima nayo inazima, isije ikarudisha moto kwenye laini wakati fundi yuko juu ya nguzo. Nikakumbuka unavyogombana na watu wanaochomeka jenereta ukutani kwa ule waya wenye plagi huku na huku bila kuzima main switch. Unawaeleza kila siku na bado wanafanya. Hapa hata mtu asiyejua chochote hawezi kumuua fundi, kwa sababu kifaa chenyewe kimekataa, na mi naona ubunifu wa kweli ndo huo, usalama usitegemee mtumiaji awe na akili ya fundi.

Kuhusu mwenye nyumba, sheria ndo imemlainisha. Mwaka 2024 waliongeza kikomo cha inverter kutoka wati 600 hadi 800, usajili ukawa fomu fupi ya mtandaoni, halafu Oktoba mwaka huohuo mpangaji akapewa haki, mwenye nyumba hawezi kukataa tu bila sababu ya msingi. Zaidi ya nusu ya familia za Ujerumani zinapanga, miaka yote sola ilikuwa ya mwenye paa lake. Kufika 2025 zilizosajiliwa zilishapita milioni moja. Na ukihama unafungua bolti unaondoka nayo!

Hilo la kuhama nayo ndo limenishika. Fikiria wapangaji wa Dar au hapo Tanga mjini, vyumba sita mita moja ya LUKU, ile ya kulipia kabla, kila uniti zikiisha ni ugomvi nani ana feni nani ana pasi nani hajachanga. Nani wa hao atafunga sola juu ya bati la mtu mwingine, kesho kodi ikipanda ahame aiache? Kwahiyo tunasema watu wetu hawana hela ya sola, na kweli wengine hawana, ila wapo wenye hela ya kulipa kidogo kidogo wasio na paa. La malipo kwetu lina jibu tayari na tumewatangulia hawa, kampuni ya M-KOPA walianza Kenya 2012 kuuza sola za kulipia kila siku kwa simu, usipolipa inajifunga, ukilipa inafunguka. Lililobaki ni umbo la kifaa.

Lakini hii ya huku usidhani tuibebe ilivyo. Inazima gridi ikizima, na kwetu umeme ukikatika ndo unauhitaji. Halafu kuna mita za kulipia kabla ambazo umeme ukirudi nyuma zinauhesabu kama umetumika, unakatwa uniti zako kwa kutengeneza umeme, ni uonevu. Hata kuning'iniza kwenyewe, huku Desemba jua linatoka saa mbili na nusu linazama saa kumi na nusu na halipandi, limelala chini tu, ndo maana panel ikisimama kama ukuta inapata kitu. Tanga jua linapita utosini, ukiisimamisha hivyo umeitupa, inatakiwa ilale na kamwinamo kidogo mvua ioshe vumbi.

Ninachokiwaza ni panel moja ya kulaza, ya kubebwa na watu wawili, na boksi lenye betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti, ile isiyoshika moto kirahisi, na inverter humohumo, soketi zetu za pini tatu mbele, haigusi LUKU kabisa. Mafriji na mapasi yabaki kwenye LUKU, boksi libebe taa, feni, simu na tivii. Huku mabetri ya balkoni yenye soketi ya kutumia umeme ukikatika yameshaanza kuuzwa, teknolojia ipo, ila bei bado kubwa na hayajatengenezwa kwa ajili ya joto letu, wala kwa ajili ya uani palipojaa watoto na chumvi ya bahari inayokula kila nati.

Naomba unisaidie kitu kimoja kaka, na usinichoke. Chukua chumba kimoja cha mpangaji, yeyote unayemfahamu, akikubali, umpimie kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi asubuhi anakula wati ngapi na kwa saa ngapi, feni uipime kwa ile clamp meter, kipimo cha kubana waya, usisome tu kilichoandikwa nyuma. Nataka kujua betri ikae saizi gani. Na unijulishe bolti gani unazotumia pale bandarini zisizoshika kutu, maana za huku nilizoziona zote bei yake inatisha.

Hela ya dawa za mama nitatuma Ijumaa kwenye namba ya shemeji.

Mdogo wako