Sindano ya minyoo na dundu wa malishoni

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu jibini ya Masisi, huku kwetu Kivu, iliwasifu wafugaji wanaochoma sindano ya minyoo ng'ombe wote kila msimu. Mimi pia nafuga, na dawa hiyo naitumia. Ugomvi wangu ni na hilo neno "wote".

Dawa yenyewe, ivermektini, haiishii mwilini mwa ng'ombe. Sehemu kubwa hutoka na mavi ikiwa bado kali, tena kwa siku nyingi baada ya sindano. Mavi hayo yana wenyewe: dundu na nzi wanaoyala, na dundu wengine huyafukia ardhini. Mabuu yao hufa. Shika kijiti uyapasue: ya ng'ombe asiyechomwa yana matundu tele na humomonyoka, ya aliyechomwa mara nyingi hukauka yakawa gamba, nyasi chini yake zikageuka njano. Ng'ombe naye hali majani yaliyozunguka mavi. Malisho yanapungua, na huku kwetu ardhi yenyewe tunaigombania.

La kuudhi ni kwamba dundu wanapoyatawanya na kuyafukia mavi, mabuu ya minyoo nayo hupungua malishoni. Tunanunua dawa ya kumuua anayetusaidia bure! Australia, tangu miaka ya 1960, walisafirisha dundu kutoka Afrika kwa sababu wa kwao hawakuyaweza mavi ya ng'ombe.

Sisemi dawa itupwe. Ndiyo hiyo hiyo inayogawiwa watu dhidi ya usubi unaopofusha, na wanasayansi waliofungua njia yake, Ōmura na Campbell, walipata Nobel mwaka 2015. Lakini wachomwe ndama na waliokonda. Wenye afya waachwe, maana kuchoma kundi zima huwafanya minyoo waizoee dawa upesi. Levamizoli nayo, dawa nyingine ya minyoo, haiwadhuru sana dundu.

Na wale wanaosuuza bomba za dawa ya kupe ziwani Kivu waache. Sipamethrini, dawa hiyo ya kupe, ni sumu kali kwa samaki, hata ikiwa kidogo mno, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, tunawala sisi.

Sokoni muuzaji hukupa chupa bila hata kuuliza uzito wa mnyama. Naomba toleo lijalo mmhoji veterineri atuambie: hapa Goma mavi yanapimwa wapi kwa hadubini, kuona ng'ombe yupi ana minyoo, na kwa bei gani?

Mfugaji, barabara ya Sake