Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayesema Septemba wanaondoka wawili

Mdogo wangu,

Simu hupokei. Ujumbe unausoma usiku wa manane, kisha kimya. Basi nakuandikia hapa, maana najua unapita hata ukijifanya hupiti.

Kwanza hongera kwa ofa ya LLM, shahada ya uzamili ya sheria. Siku ile sikuwahi kukupa hongera yako vizuri. London si mahali pa kuingia kwa bahati, na GPA hiyo umeitolea jasho. Vyuo vile vinataka daraja la pili la juu, yaani kuanzia 3.5 kwa mizani yetu ya tano, nawe umevuka. Sina neno na hilo.

Neno langu ni lile tangazo. "Septemba tunaondoka wote wawili." Ulisimama katikati ya kikao cha kamati ya harusi, mkono begani kwa mwenzako, baba mkwe anapiga makofi, katibu anaandika kwenye daftari la ahadi kana kwamba yeye ndiye Uhamiaji. Nikasema haiwezekani. Ukanijibu mbele ya mashangazi wote, "Dada, ungekuwa na mume ungeelewa." Ukumbi ukacheka. Shangazi mkubwa peke yake hakucheka. Aliweka soda yake mezani akageukia dirishani. Hujawahi kunitaka radhi kwa hilo, na sitajifanya nimesahau. Lakini kicheko kile kilinikatiza, kwa hiyo namalizia leo nilichokuwa nasema.

Tangu tarehe 1 Januari 2024, Uingereza haimruhusu mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya darasani kuja na mke, mume wala watoto. LLM yako ni ya darasani. Wanaoruhusiwa ni wa PhD, wa uzamili wa utafiti, na wanaolipiwa na serikali kwenye kozi inayozidi miezi 6. Wewe unalipiwa na ukoo. Cheti cha ndoa hakibadilishi chochote hapo, hata kikiwa na mihuri mitatu.

Najua utasema atakuja baadaye, ukishahitimu na kupata kile kibali cha kubaki kufanya kazi. Nako kumefungwa: kwenye kibali kile unaendelea na mwenza aliyekuwa tayari na viza ya mtegemezi wako wakati unasoma. Asiyekuwa nayo haingizwi. Kibali chenyewe kilikuwa miaka 2, na kwa watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 kinakuwa miezi 18. Anachoweza ni kuja kukutembelea kwa viza ya mgeni, isiyozidi miezi 6, bila kufanya kazi. Mtu hauzi friji kwa ajili ya kutembelea.

Halafu fedha. Mpango wenu, kama nilivyousikia, ni kukusanya michango, kuiweka kwenye akaunti ya baba mdogo kwa sababu ndiye mwenye akaunti "nzito", kisha mchapishe taarifa ya benki. Akaunti ya baba mdogo haikubaliki. Inatakiwa iwe yako, au ya mzazi au mlezi wako wa kisheria. Ikiwa ya mzazi, uambatanishe cheti chako cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa. Baba yupo, akaunti anayo. Mnamzunguka kwa nini? Kwa sababu ana maswali, eti?

Kiasi chenyewe: tangu Novemba 2025, kwa chuo cha London ni pauni 1,529 kwa mwezi, kwa miezi 9, yaani 13,761. Nje ya London ni 1,171 kwa mwezi, jumla 10,539. Juu yake ongeza karo yote ya mwaka wa kwanza ambayo bado hujailipa. Uliyoilipa hakikisha imeandikwa kwenye CAS, ule uthibitisho wa udahili ambao chuo kinakupa uombee viza. Fedha hiyo ikae siku 28 mfululizo. Salio likishuka chini ya kiwango hata siku moja, kwa sababu mtu katoa ya mpambaji akidhani atarudisha Jumatatu, hesabu inaanza upya. Na siku ya mwisho ya zile 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 unapotuma maombi. Kwa kuwa mnaweka shilingi, wao wanabadilisha kwa kiwango cha siku ya maombi, si cha siku mliyoweka. Acha nafasi juu, usikae ukingoni. Mfuko wa harusi na mfuko wa viza haviwezi kuwa mfuko mmoja mwezi Agosti. Hilo ndilo nililotaka mwenyekiti aliandike kwenye daftari lake.

Kuna na ada ya huduma ya afya. Umemwambia mama pauni 776 kwa sababu umesoma "kwa mwaka". Kozi yako ni ya miezi 12, lakini viza huongezewa miezi 4 ya kumalizia, na wanatoza kwa urefu wa viza: mwaka mmoja na nusu, pauni 1,164. Inalipwa yote mara moja unapoomba, pamoja na ada ya viza. Pia kipimo cha kifua kikuu kwenye kliniki waliyoiidhinisha wao. Cheti chake kinadumu miezi 6. Na majina. Cheti cha kidato cha nne kina Mohamed, pasipoti ina Mohammed. Herufi moja. Nenda kwa wakili ukaape kiapo cha majina sasa, usingoje uulizwe.

Kuhusu ofa yenyewe: ina masharti, umeisoma? Chuo hakitoi CAS mpaka masharti yatimie, na sharti la kwanza ni matokeo ya mwisho. Matokeo yanasubiri Seneti ya chuo chako cha hapa, Seneti haina haraka na harusi ya mtu. Ukipata matokeo Septemba kozi ikiwa imeshaanza, utabaki na suti na picha za kuagwa. Andika leo kwa ofisi ya udahili uombe kuahirisha mwaka mmoja. Vyuo vingi hukubali, ila uliza kama amana uliyolipa inahamia mwaka unaofuata na kama karo itapanda. Jibu liwe la maandishi.

Ningekuwa wewe (najua, najua, mimi siyo wewe) mwaka huo ningeingia Law School, pale Sinza, anakopita kila anayetaka uwakili hapa. LLM ya London haikufanyi wakili hapa. Utarudi na kofia ya pili na bado utapanga foleni Sinza na watoto waliomaliza jana. Wala haikufanyi wakili kule: anayetaka kuwa solicitor, yaani wakili wa kule, anafanya SQE, mitihani yao ya uwakili, ambayo sehemu yake ya kwanza peke yake ni maswali 360, na anatakiwa awe na miaka 2 ya uzoefu wa kazi unaotambuliwa. LLM haikuondolei hata swali moja, na bila LLM unaruhusiwa kuifanya. Uwakili wa New York ndio usiutaje kabisa mbele ya watu: ile LLM wanayoisikia ni ya chuo cha Marekani, walau krediti 24, na mwenye LLB kutoka nchi ya mfumo kama wetu, aliyesoma muda wote darasani, huenda asiihitaji. Wapelekee bodi yao ya mitihani vyeti vyako wakupime kabla hujalipa mtu.

Kisha kazi, kwa sababu mlango wa kwenda wawili kwa Uingereza ni ufadhili wa serikali. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza yenyewe, wanataka saa 2,800 za kazi. Kwa wiki ya saa 40 ni wiki 70. Wanafungua Agosti, wanafunga karibu na Oktoba, unachagua kozi tatu, na ukimaliza unarudi nyumbani kwa miaka 2. Mke unaweza kwenda naye, ila hawamlipii senti. Fedha yake mnaonyesha wenyewe. Insha zao zinawaangusha wengi kwa sababu moja: mtu anaandika cheo alichokuwa nacho, haandiki kilichobadilika baada ya yeye kukishika. Wewe ulikuwa waziri wa sheria wa serikali ya wanafunzi. Sawa. Nini kilibadilika?

Kama moyo wako uko kwenye sera kuliko mahakama, na mimi naona uko huko, Ujerumani kuna ufadhili wa Helmut Schmidt wa DAAD, shirika lao la kufadhili masomo, wa uzamili wa sera za umma na utawala bora. Shule ya Willy Brandt pale Erfurt ni mojawapo ya vyuo vyake. Wanapokea waliosoma sheria. Maombi kwa kawaida ni Juni na Julai, na yanapelekwa chuoni moja kwa moja. Wanaoyapeleka DAAD wanakosea mlango. Mke anaweza kufuata, ila kwa kawaida ataulizwa Kijerumani cha A1, ngazi ya mwanzo, na Goethe, taasisi inayokifundisha, ipo hapa hapa Dar.

Unasema nilikuaibisha. Ningekuita pembeni, ndiyo. Nilikuita pembeni Pasaka, ukaniambia sheria za Uingereza zinabadilika kila siku. Zinabadilika, na mara nyingi si kwa faida yetu. Siku ile nilisema mbele ya wakwe kwa sababu wao ndio walikuwa wanatoa fedha, na mtu anayetoa fedha ana haki ya kujua anachangia nini. Nikikaa kimya, viza ikigoma, nani angeulizwa? "Si dada yake anashughulika na makaratasi hayo?" Nisingekuwa na pa kuficha uso. Hata mume nisiye naye asingenisaidia.

Lakini mimi niache. Mwenzako ameshaandika barua ya kuacha kazi. Ameionyesha kwa shangazi, anasubiri mshahara wa mwezi huu aipeleke. Notisi yake ni siku 28. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, kabla ya tarehe ya mshahara. Ikifika siku hiyo hajui, nampigia mimi.

Dada yako