Barua kwa mhariri: Dhahabu tano za Ireen Wüst mmeziweka wapi?

Ndugu mhariri,

Salaam. Naandika kuhusu ile makala yenu ya wanamichezo bora wa Olimpiki wa muda wote, ile iliyoanza na Mijaín López mwanamieleka wa Cuba. Kumweka juu sina neno, jamaa anastahili, Agosti 2024 pale Paris kachukua dhahabu yake ya tano mfululizo halafu akavua viatu akaviacha katikati ya mkeka, kazi kamaliza. Lakini mmeandika kwamba yeye ndo mwanamichezo wa kwanza duniani kushinda dhahabu binafsi, yani bila kuhesabu za timu, kwenye Olimpiki tano tofauti, na hapo siwezi kunyamaza maana sio kweli. Wa kwanza ni mwanamke, Mholanzi, mteleza barafu wa mbio za kasi, anaitwa Ireen Wüst, na alishafika huko tarehe 7 Februari 2022 mjini Beijing, miaka miwili na nusu kabla ya López. Rekodi ya López ni kwamba alizipata zote tano kwenye aina ileile moja ya shindano, na hiyo ni yake na ni kubwa, ila Wüst alizichanganya, tatu za mita 1500 na mbili za mita 3000. Wote wawili wanaenea kwenye ukurasa mmoja, kwanini mmoja afutwe?

Tena hata kwenye orodha yenyewe hayupo. Phelps muogeleaji wa Marekani mmemweka, Carl Lewis mwanariadha wa hukohuko mmemweka, na hao wote dhahabu zao binafsi zimeishia Olimpiki nne.

Ngoja niieleze safari yake maana naona wengi hawaijui. Turin 2006 binti ana miaka 19 tu, akashinda mita 3000, na Uholanzi haikuwahi kuwa na bingwa wa Olimpiki ya majira ya baridi mdogo kama yeye. Vancouver 2010 mambo yalikuwa magumu, medali alitoka na moja tu, lakini ilikuwa dhahabu ya mita 1500. Halafu Sochi 2014, jamani, medali tano, dhahabu mbili (moja ya mita 3000, nyingine ya timu) na fedha tatu, hakuna mwanamichezo mwingine wa mchezo wowote wala nchi yoyote aliyeondoka Sochi na medali nyingi kama zake. Pyeongchang 2018 dhahabu ya 1500 tena, akimpita Mjapani Miho Takagi kwa sekunde 0.20, hebu jaribu kuhesabu hiyo kwa mdomo uone kama utawahi. Na Beijing 2022 ana miaka 35, watu walishaanza kusema amechoka, akaweka rekodi ya Olimpiki dakika 1 na sekunde 53.28, na wa pili akawa Takagi yuleyule ambaye ndo anashikilia rekodi ya dunia ya huo umbali. Jumla medali 13, sita dhahabu, tano fedha, mbili shaba. Hakuna Mholanzi mwenye nyingi kuliko hizo.

Sasa najua kuna msomaji atasema barafu sisi inatuhusu nini. Mimi namjibu hivi, mita 1500 inatuhusu sana. Hii ni nchi ya Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch 1974 kwa kuongoza mbio tangu mwanzo mpaka mwisho, na jirani zetu Kenya wana Faith Kipyegon mwenye dhahabu tatu mfululizo za umbali huohuo, Rio, Tokyo na Paris. Tunajua kabisa ule umbali ni wa mateso, ukiukimbia kama mita 400 unakufa njiani na ukiupigia hesabu kama mita 5000 wenzako wameshamaliza. Kwenye barafu ni vilevile tena pengine mbaya zaidi, maana unateleza umeinama mgongo umelala na magoti yamekunjwa muda wote, hakuna kunyooka, na ukifika mzunguko wa mwisho mapaja yanawaka moto. Uwanja una mita 400, kwahiyo 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu. Ukigawanya muda wake wa Beijing unapata wastani wa karibu kilomita 48 kwa saa, na hapo umehesabu na pale anapoanza akiwa amesimama. Hiyo ni kasi ambayo bodaboda akipita nayo mtaani kwenye watoto wanaocheza mnatoka wote kumfokea.

Halafu kuna kitu kimoja kinachoutofautisha ule mchezo na riadha yetu. Wanatoka wawili wawili, kila mmoja na njia yake, na kila mzunguko wanabadilishana njia upande wa pili wa uwanja ili wote watembee umbali sawa. Mpinzani wa kweli ni saa. Unaweza kumwacha mwenzako mbali kabisa na bado ukawa wa kumi, kwasababu wengine tisa walishapita kabla yako au wanakuja baadaye. Bayi alijua kila mtu yuko nyuma yake anamkimbiza, Kipyegon anasikia pumzi za wenzake, ila Wüst ilibidi ajikamue peke yake mpaka tone la mwisho bila kujua kama inatosha. Kufanya hivyo mara moja ni sawa. Kufanya hivyo kila baada ya miaka minne kuanzia umri wa miaka 19 mpaka 35 ndo kinachonifanya niandike hii barua.

Na msidhani kwao kupata nafasi ya kwenda Olimpiki ni rahisi. Uholanzi wanafanya mchujo wao Desemba kwenye uwanja wa Thialf pale Heerenveen, na ule mchujo ni mgumu kiasi kwamba mabingwa wa dunia wamewahi kubaki nyumbani, maana nchi hairuhusiwi kupeleka zaidi ya watatu kwenye mita 1500. Kwenye fainali ya Beijing hiyohiyo aliyepata shaba, Antoinette de Jong, ni Mholanzi mwenzake. Na Wüst sio mtoto wa Friesland kule kaskazini ambako ndo moyo wa mchezo wenyewe, yeye katokea Goirle, Brabant, kusini. Uwanja wa barafu wa Tilburg jirani na kwao saivi una jina lake.

Kuna na ubingwa wa dunia wa wale wanaoshindana umbali wote, yani 500, 1500, 3000 na 5000 ndani ya mashindano hayohayo. Fikiria mkimbiaji mmoja ashindane na wa mita 100 halafu ashindane na wa mita 10,000. Huo Wüst kachukua mara saba, wa kwanza 2007 na wa mwisho 2020 kule Hamar, Norway. Katikati hapo, Januari 2019, alimpoteza rafiki yake wa karibu sana Paulien van Deutekom, naye alikuwa bingwa wa dunia 2008, alifariki kwa saratani ya mapafu akiwa na miaka 37. Mtu apitie msiba wa namna hiyo halafu arudi kwenye barafu achukue dunia tena na baadae dhahabu ya Olimpiki, kwakweli mimi namheshimu hata kabla sijafika kwenye medali.

Mhariri, mieleka ya Cuba nayo wasomaji wenu wengi hawaijui, lakini mliieleza vizuri na tukaelewa na tukafurahi. Barafu nayo inaelezeka. Tatizo ninaloliona ni kwamba Olimpiki ya majira ya baridi kwenye kurasa zetu inahesabiwa kama vile haipo, alafu matokeo yake tunaandika "wa kwanza duniani" wakati tumeangalia nusu ya dunia. Mwanafunzi anaweza kukata ile makala akaipeleka shule na kosa likaendelea kusafiri.

Ninachoomba ni masahihisho, na yawekwe kwenye ukurasa uleule wa michezo, sio kule chini kwenye matangazo ya viwanja. Andikeni kwamba López ni wa kwanza kushinda dhahabu tano binafsi kwenye aina moja ya shindano, na kwamba Ireen Wüst ndiye wa kwanza kushinda dhahabu binafsi kwenye Olimpiki tano, 2006, 2010, 2014, 2018 na 2022. Na kama mna picha yake ya Beijing, iwekeni.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Morogoro